Sigara Ambazo Mama Hakuziona

Sista Sidi wa wadi ya wanaume ndiye aliyenichokoza niandike. Kila nikienda kuchunguliwa hunikuta kwenye benchi nimezungukwa na wagonjwa wapya, nikiwaeleza hiki na kile. Siku moja akaniambia, "Baba Salma, hawa wa leo wamekusikia. Andika, na wa kesho wasome." Mimi ni fundi wa saa, kuandika si kazi yangu. Lakini kosa lililokaribia kuniua halikuwa la daktari wala la dawa, lilikuwa la mdomo wangu mwenyewe, na naona haya kulinyamazia. Ukitaka kujua saratani ya kibofu ni kitu gani hasa, waulize wanaojua. Mimi nitakueleza tu yaliyonipata.

Nyumba yetu iko Kuze, Mombasa. Chini ni duka langu, dogo hata wateja wawili wakiingia pamoja mmoja hulazimika kusimama kizingitini. Juu tunakaa mama yangu, mke wangu Zuhura, na mimi. Binti yetu Salma ameolewa. Wakati haya yanaanza, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka arobaini na saba, na sigara nilikuwa nimeanza nina kumi na saba. Fundi wa saa hukaa kimya kutwa nzima, jicho moja kwenye lenzi, na mimi mkono wa kushoto ulikuwa haujui kukaa bila sigara. Pakiti nzima kwa siku, na siku za kazi nyingi nilikuwa siihesabu.

Mama hakuwahi kuiona hata moja. Kwetu mtu havuti mbele ya mkubwa wake. Uwe na mvi, uwe na wajukuu, mamako akitokea sigara huzimwa. Nilikuwa na kopo la maziwa lenye maji chini ya meza kwa kazi hiyo. Nikisikia makubadhi yake kwenye ngazi, sigara inaingia koponi, gazeti linapepea moshi, karafuu inaingia mdomoni, na mama akifika ananikuta nimeinamia saa ya mtu kama malaika. Kabla ya kuteremka, naye, alikuwa na kawaida ya kukohoa mara mbili pale juu ngazini. Miaka yote hiyo nilidhani ana kifua.

Damu ya kwanza niliiona mwezi wa Ramadhani, kaskazi imepamba moto, joto la kumtoa nyoka pangoni. Niliiona kwa bahati, maana choo chetu ni cha giza na mtu hujimwagia maji akatoka. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kurekebisha saa ya ukutani kwenye ofisi moja yenye choo cheupe cha kukalia. Mkojo ulikuwa kama sharbati ya rozi. Sikusikia maumivu yoyote. Nikajiambia ni kiu, mtu amefunga tangu alfajiri, mkojo utakuwaje? Jioni nilifuturu kwa tende moja na sigara mbili nyuma ya duka, na kesho yake mkojo ulikuwa safi.

Baada ya Idi damu ikarudi. Hapo nikajipa ugonjwa mwingine, nikasema ni kichocho. Utotoni nilikuwa nikipelekwa likizo kwa jamaa za mama, ng'ambo ya bara, na huko tulioga ziwani na kukojoa damu watoto wazima wazima, tukionyeshana. Nilikwenda duka la dawa, nikajitangazia ugonjwa, nikapewa vidonge. Damu ikakata. Nilijisifu kwa Zuhura kwamba nimejitibu. Sikujua kwamba damu ya ugonjwa huu huja na kuondoka ipendavyo, na mtu akimeza hata peremende siku inayoondoka atadhani peremende ndiyo dawa.

Masika yalipoanza nilishikwa na haja nikashindwa kuitoa. Pande la damu lilikuwa limeziba njia. Nilijikunja sakafuni dukani nikilia kama mtoto, na Zuhura na jirani wakanipeleka hospitali kubwa ya mjini wakiwa wamenishika huku na huku. Nilitiwa mpira wa kutolea mkojo, nikapumua, nikaandikiwa siku ya kuja kumwona daktari wa njia ya mkojo.

Siku hiyo mama alishuka ngazi amevaa buibui, chupa ya chai mkononi.

"Mama, wenda wapi?" nikamuuliza.

"Niendako ni uendako."

"Zuhura atanipeleka, wewe pumzika."

"Mimi ndiye niliyekuzaa," akasema, "mlango wa hospitali ndio utakaonishinda?"

Chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili vya wagonjwa. Zuhura alibaki kwenye benchi nje. Daktari alikuwa kijana wa Kihindi, Muislamu wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kama chetu. Alimwamkia mama kwa adabu, akanipima, akaanza kuuliza. Damu tangu lini? Unakonda? Kazi gani? Uliwahi kuoga maziwani? Nikajibu yote vizuri. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Sigara watumia?"

Mama alikuwa karibu yangu kiasi cha kugusana mabega. Alikuwa akiitazama kalenda ukutani.

"La, daktari," nikasema.

"Hujawahi?"

"Sijawahi."

Mkono wangu wa kushoto, wenye vidole viwili vya rangi ya manjano, nilikuwa nimeukalia. Kalamu yake ikaandika. Nataka unielewe, wewe unayesoma, sikuwa nikimdanganya daktari. Nilikuwa nikizima sigara mbele ya mama, basi, kama nilivyoizima maelfu ya mara. Halikunipitia kabisa akilini kwamba safari hii kuna mtu aliyehitaji kuiona.

Nyumbani Zuhura alinibana jikoni. "Sigara umemwambia?"

"Ningesemaje na mama yuko pale?"

"Basi rudi kesho peke yako ukamwambie."

"N'tamwambia."

Sikumwambia. Kila siku ya daktari mama alikuwa ameshavaa buibui kabla sijamaliza kunywa chai, na uongo ukishalala siku mbili tatu huwa mzito kuuamsha.

Nilifanyiwa upasuaji wa kwanza mvua zikinyesha. Wenyewe huita kukwangua, hawapasui tumbo, wanapita njia ile ile ya mkojo. Nilichomwa sindano ya mgongoni, na miguu ikawa si yangu. Niliisikia sauti ya daktari na nesi wakizungumza habari za mvua na barabara zilizojaa maji, na huku wananikwangua ndani. Niliporudi wadini nilikuwa na mpira, na mfuko unaoning'inia pembeni mwa kitanda, wa rangi ambayo sitaki kuikumbuka. Siku tatu nikaishi na mfuko huo. Zuhura aliufunika kwa leso yake kila wageni walipokuja, akiupanga vizuri kama anayefunika sinia la chakula, na wageni wakajifanya hawauoni. Mimi kilichoniumiza zaidi ni sala. Nilijiona najisi mchana kutwa. Maalim wa mtaani kwetu alipokuja kuniona, nikamnong'oneza. Akanishika paji la uso akasema, "Tia udhu kila sala inapoingia, kisha sali hivyo hivyo ulivyo. Mola wako hakuja kukukagua mfuko." Nililia, na sikuona aibu.

Siku ya kutoka, daktari alikaa ukingoni mwa kitanda. Mama alikuwa upande wa pili akinimenyea chungwa. "Uvimbe ulikuwa mmoja, nimeutoa wote," akasema. "Ni saratani, sitakuficha. Kilichonishangaza ni ukali wake. Kwa mtu asiyevuta sikutarajia kuiona ya namna hii." Akaningoja kidogo. Nikapokea pande la chungwa nikalitia mdomoni. Mama akaendelea kumenya.

Utasema baada ya hapo niliacha. Wiki mbili niliacha kweli, kwa sababu nilikuwa siwezi kutoka. Siku niliyoweza kutembea nilimwambia mama nakwenda kunyoosha miguu, nikaenda taratibu hadi Feri. Huko watu ni wengi na kila mtu ana haraka ya kuvuka, hakuna anayekujua. Nilinunua sigara moja kwa mchuuzi, nikasimama ukutani nikaivuta hadi ikaniunguza. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo mwingine. Toka siku hiyo kila jioni nikawa mtu wa mazoezi. Jirani zangu walinisifu kwa kutembea. Moja ikawa tatu, tatu ikawa sita. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyekwisha kupona.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kuchunguliwa, kipupwe kikali, watu wa Mombasa wamevaa sweta. Wanakuingizia mpira mwembamba wenye taa na daktari anachungulia kibofuni. Wengi huuliza kama inauma. Inauma, lakini si kama unavyoogopa, na aibu hupungua mara ya pili. Kinachouma hasa ni daktari anaponyamaza. Wangu alikuwa akiniuliza habari za saa yake ya mkononi, ghafla akanyamaza. Akatazama sana. Kisha akasema, "Vaa, ungoje nje, nitakuita na mamako."

Pale benchini, mama na Zuhura wakiwa bado dirishani wakilipa, nilikaa karibu na mwanamume mmoja kutoka Majengo, Bakari, aliyekuwa hamali bandarini miaka mingi. Tulisalimiana, tukaulizana hali, na kwa kuwa benchi lile halina siri akafunua shati lake kidogo. Upande wa kulia wa kitovu alikuwa amebandikwa mfuko.

"Hiki ndicho kibofu changu siku hizi," akasema. "Changu chenyewe kilikatwa Nairobi."

"Ulikuwa ukivuta?"

"Nilikuwa nikivuta na baada ya kuambiwa pia. Nilikwanguliwa mara mbili, nikavuta. Ya tatu ikawa imeshaingia kwenye nyama." Akashusha shati akalipapasa. "Ni wa kuzoeleka huu, nashukuru. Lakini wangu uliletwa na mimi mwenyewe, na hilo ndilo siku nyingine hunikosesha hamu ya kula."

Kwenye mfuko wa kanzu yangu mlikuwa na sigara mbili za safari ya Feri.

Tuliitwa. Mama akakaa kiti chake, mimi changu. Daktari hakuzunguka. "Uvimbe umerudi," akasema. "Sasa ni vivimbe viwili, na kimoja kimekaa kwa upana, sikipendi. Nitakwangua tena wiki hii na tutapeleka vipande Nairobi wavitazame. Kama haujaingia kwenye nyama ya kibofu, tutaumiminia dawa na tutapigana nao. Kama umeingia, kibofu hakina budi kutoka." Akaigeuza faili yangu hadi ukurasa wa kwanza, akauwekea kidole. "Miezi mitatu tu. Kuna kitu hakinikai sawa. Nakuuliza tena, na jibu lako ndilo nitakalolifuata: sigara?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema. Nilimfikiria Bakari, nikafikiria nyama ya kibofu changu, na mkono wa kushoto nikaukalia tena. Miaka thalathini ya kuzima haiondoki kwa swali moja.

Mama akainuka. Alikusanya chupa yake ya chai na mkoba wake, polepole, akajitengeneza buibui.

"Daktari," akasema, "mimi natoka nje. Kuna neno mwanangu hawezi kulisema nami nipo, na si kwa ubaya. Ni malezi. Muulize nikishatoka."

Akatoka, akaufunga mlango kwa mikono miwili ili usigonge.

Nilipoanza kusema nilisema yote. Pakiti kwa siku, miaka thalathini, duka, karafuu, Feri, jana jioni. Nilizitoa zile mbili mfukoni nikaziweka juu ya meza yake. Mkono wa kushoto nikauweka pia, auone. Alikata maandishi ya zamani kwa mstari mmoja akaandika upya, kisha akavua miwani.

"Miezi mitatu mimi nazima moto, na wewe wamwagia mafuta ya taa," akasema. Alikuwa amekasirika, na ilikuwa haki yake. Kisha akashusha sauti. "Sikiza. Moshi hauishii kifuani. Sumu yake hupita kwenye damu, huchujwa, na inapongoja kutoka hukaa kibofuni. Siwezi kukuahidi kwamba ukiacha utapona. Nakuahidi kwamba ukiendelea, ugonjwa unarudi upesi na unarudi mkali. Ningelijua tangu mwanzo, nisingekuacha uende nyumbani miezi mitatu hivi hivi."

Nilitoka. Mama alikuwa amekaa kati ya Zuhura na Bakari, ameshammiminia Bakari chai.

"Tayari?" akaniuliza.

"Tayari, mama."

"Haya twende, mwanangu. Hujala tangu asubuhi."

Hakuongeza neno, siku ile wala wiki ile, wala niliporudi tena wadini na mpira na mfuko na leso ya Zuhura.

Majibu ya Nairobi yalichukua wiki mbili. Zilikuwa wiki mbaya kuliko zote, maana nilikuwa nangoja huku nimeacha sigara. Mkono ulitetemeka hata kibano kikashindwa kushika skrubu. Niliwarudisha wateja na saa zao. Nilikuwa mkali kwa kila kitu, chumvi, mlango, paka wa jirani. Siku moja nilimtolea Zuhura maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyasikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Hayo ni ya sigara, si yako. Toa yote, yakiisha uje ule." Akaenda kupakua wali. Mwanamke huyu nilimwoa nikidhani namjua.

Nilivuta moja. Siku ya kumi na moja, nyuma ya soko, hadi nusu yake. Jioni ile ile nilimwambia Zuhura, na mara iliyofuata nilimwambia daktari, naye akaandika. Nawe ukiteleza usiseme basi yote yameharibika. Sema kwa mtu, uanze tena kesho yake.

Ugonjwa ulikuwa haujaingia kwenye nyama. Daktari aliposema hivyo sikumwelewa mara ya kwanza, akarudia. Zuhura ndiye aliyepiga kelele. Mama aliinamisha kichwa, midomo yake ikawa inacheza bila sauti.

Zikaja wiki sita za dawa, na vuli ikanyesha zote sita. Kila Jumanne nilimiminiwa dawa kibofuni kwa mpira, nikatakiwa niishike saa mbili nzima bila kukojoa, nikigeuzwa kila robo saa ili dawa ifike kila pembe. Kulia, kifudifudi, kushoto, chali. Nilikuwa naungua ndani kama niliyepakwa pilipili, na jioni homa ilipanda. Sista Sidi alisimama pale na saa yake akinigeuza. "Ubavu wa kushoto, baba Salma. Pole, baba. Bado kidogo." Yeye ni mtu wa Rabai, Mkristo, na miadi ya kuchunguliwa ikiangukia Ijumaa alikuwa akinipisha wa kwanza niwahi msikiti.

Sasa ile saa yake ilikuwa inachelewa. Fundi hakosi kuona. Robo yake ilikuwa ndefu kuliko robo ya watu wengine, na mimi pale kibofu kinaniwaka moto nilikuwa nalipa zile dakika za ziada. Wiki mbili niliona haya kumwambia. Wiki ya tatu nikasema, "Sista, mimi ni mgonjwa wako, lakini saa yako ni mgonjwa wangu. Ilete." Alicheka hadi wagonjwa wa vitanda vingine wakauliza kuna nini. Wiki iliyofuata nilikuja na vifaa vyangu, na baada ya dawa kutoka nikakaa kitandani nikaifungua. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mkono wangu umetulia. Niliitazama ile skrubu ndogo inakaa mahali pake mara ya kwanza, nikamrudishia Sidi saa yake, nikageukia ukuta kwa muda.

Mwaka uligeuka. Kaskazi ikarudi, Shaaban ikaingia, na siku chache kabla ya Ramadhani nikachunguliwa tena. Mara hii nilimwomba mama abaki nyumbani. Hakubisha, na hilo lilinitisha kuliko angebisha. Daktari aliingiza mpira wake wenye taa, akatazama, akatazama, nami nikaanza kuhesabu pumzi.

"Saa yangu inakimbia dakika tano kwa siku," akasema. "Waweza kuitazama?"

Nikajua ni safi.

Nilirudi Kuze kwa miguu. Mama alikuwa juu, barazani pa dirisha, anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa sakafuni mbele yake kama nilivyokuwa nikikaa zamani akinisomesha. Nikamwambia kibofu ni safi. Akasema alhamdulillahi mara tatu na mikono yake haikusimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema neno la pili. Ili umwambie mtu umeacha kitu, huna budi kukubali kwanza kwamba ulikuwa nacho.

"Mama, nimeacha."

Mikono ikasimama. Angeweza kuniuliza nimeacha nini, na mimi nusu nilitamani aulize, tucheze tena mchezo wetu. Hakuuliza.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka kule chumbani kwa daktari. Na moja kati, nyuma ya soko."

Akautua ule ungo chini. "Nisamehe mwanangu."

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha, mama."

"Nyamaa, niseme," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nilijua tangu una miaka kumi na saba. Nguo zako nani alikuwa akizifua? Nilijua, nikanyamaa. Babako akafa, ukaoa, ukawa mtu mzima, watu wenda kwako kutaka shauri, na bado nikishuka ngazi wahangaika na kile kikopo chako. Nikawa naona raha. Nikasema, mwanangu mkubwa hivi bado yuwaniogopa. Ningekukataza, pengine ungevuta mbele yangu, nami sikutaka kulipoteza lile. Hata siku ile ya kwanza daktari alipokuuliza, nilijua wadanganya. Nilitazama kalenda."

Nilimshika miguu nikalia, na yeye akanilalia kichwani akalia, na mchele wote ukamwagika. Zuhura alipanda akatukuta hivyo akadhani majibu ni mabaya, tukawa na kazi ya kumtuliza na yeye.

Wewe uliye mgonjwa, ukiulizwa na daktari na kuna mtu chumbani usiyeweza kulisema mbele yake, mwombe atoke. Hakuna atakayekuona huna adabu. Na wewe uliye mama, au baba, au kaka mkubwa, na unajua unachokijua, inuka utoke kabla hujaombwa, na utoke mara ya kwanza.

Baada ya kutulia siku ile, mama alijifuta uso kwa ukaya wa leso aliyojitanda kichwani akasema, "Ndoo hapa, lete mkono."

Nikampa wa kulia.

"Si huo."

Nikampa wa kushoto. Akauleta puani akavinusa vidole, kimoja kimoja, pole pole, kama mtu anavyonusa kichwa cha mtoto mchanga. "Mafuta ya saa," akasema. "Ijumaa n'tanusa tena, na usinune."

Sasa ni mwaka wa nne. Naenda kuchunguliwa mara moja kwa mwaka, nina wajukuu wawili, nina miaka hamsini na moja, na kila Ijumaa baada ya msikiti hupanda ngazi nikamnyooshea mama mkono wa kushoto.